Kesi ya mkia wa Dunia: Mlipuko huanzia wapi?

Aprili 5, 2010, satelaiti ya mawasiliano ya Galaxy 15 iliacha kuitika. Wahandisi waliokuwa wakiiongoza kutoka ardhini walituma amri, kimya. Wakarudia, kimya. Satelaiti yenyewe haikuzimika. Mitambo yake ya kurusha matangazo iliendelea kuwaka kwa nguvu zote, huku ikianza kuteleza kutoka kituoni pake, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kuwasogelea majirani wanaotumia masafa yaleyale.

Kwa zaidi ya miezi minane wenye satelaiti nyingine walilazimika kuipisha, wakisogeza vyombo vyao na kupanga upya mawimbi ili isivuruge matangazo ya watu. Waandishi wa habari wakaibandika jina la zombi. Mwishoni mwa Desemba, ilipopoteza mwelekeo wa Jua na betri zake kuisha, mitambo ilizima na kujiwasha upya. Ndipo ikaanza tena kusikia amri.

Siku ile ya Aprili, chini ya saa moja kabla ya hitilafu, mkia wa sumaku wa Dunia ulikuwa umelipuka. Elektroni zenye nishati kubwa zilisukumwa kutoka upande wa giza kuja duniani, na Galaxy 15 ilikuwa upande huohuo, ikipita kwenye usiku wa manane wake. Maelezo yaliyokuja kukubalika na wengi ni kwamba chaji zilijikusanya juu ya satelaiti mpaka ikaruka cheche, na cheche hiyo ikaivuruga programu ya kompyuta yake.

Kwamba mkia wa Dunia hulipuka, hakuna mwanasayansi anayebisha. Wanachobishania ni mahali mlipuko unapoanzia. Ubishi huo umedumu kwa miongo, umeilazimisha Marekani kurusha vyombo vitano kwa mpigo, na hata baada ya hapo haujafungwa.

Upande wa usiku

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Hutoa pia mkondo usiokatika wa chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, unaosafiri kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Mwanafizikia wa Marekani Eugene Parker aliutabiri upepo huo wa Jua mwaka 1958, wenzake wakampinga, na vyombo vya kwanza kutoka nje ya Dunia vikaja kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Upepo huo ukikutana na uga wa sumaku wa Dunia haupenyi moja kwa moja. Upande wa mchana huukandamiza mpaka umbali wa kilomita 65,000 hivi. Upande wa usiku huuvuta na kuurefusha ukawa mkia. Norman Ness na wenzake wa NASA ndio walioupima kwa uhakika, kwa kutumia satelaiti ya IMP-1 iliyorushwa Novemba 1963.

Kipimo cha sumaku cha IMP-1 kilionyesha jambo la ajabu. Katika nusu ya kaskazini ya mkia, uga wa sumaku unaelekea duniani, na katika nusu ya kusini unaelekea mbali na Dunia. Katikati, pale pande hizo mbili zinapokutana, nguvu ya sumaku inakaribia kuwa sifuri. Kwenye tabaka hilo la kati ndimo zilimojaa chembe, na mkondo mkubwa wa umeme unalikata mkia kwa upana.

Mkia huu unavuka obiti ya Mwezi na kuendelea. Mwaka 1983 chombo cha ISEE-3 kiliupima kikiwa zaidi ya kilomita milioni 1.4 kutoka duniani, na bado ulikuwepo. Kila mwezi unapokuwa mpevu, Mwezi huwa ndani ya mkia huo, na hukaa humo kwa siku kadhaa. Chombo cha Japani kiitwacho Kaguya, kilichokuwa kikiuzunguka Mwezi, kilinasa huko ioni za oksijeni zilizotoka kwenye anga letu wenyewe. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2017, na kwangu inabaki kuwa moja ya habari nzuri kuliko zote katika fani hii: hewa ya Dunia inaugusa Mwezi.

Lakini neno kujaa lisitupotoshe. Kisanduku kitupu cha kiberiti hapa nyumbani kina molekuli za hewa zisizohesabika kwa tarakimu za kawaida. Ujazo huohuo katikati ya mkia hauna chembe zaidi ya chache tu, pengine kumi, pengine ishirini. Hata hivyo chembe hizo zinakimbia kwa kasi inayolingana na joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi ya namna hii, yenye elektroni na ioni zilizoachana, ndiyo huitwa plazima.

> Ujazo wa kisanduku cha kiberiti kwenye mkia una chembe chache tu, lakini kasi yake ni ya joto la makumi ya mamilioni ya digrii.

Kambi mbili

Mwaka 1964, Shun-Ichi Akasofu, Mjapani aliyehamia Alaska, alichapisha maelezo ya namna mwanga wa ncha ya kaskazini unavyobadilika. Alitumia picha za kamera zilizokuwa zimetegwa kuzunguka ncha ya Dunia wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958. Utepe wa mwanga hutulia kwa muda mrefu. Ghafla utepe wa kusini kuliko wote hung'aa, hupasuka, na mwanga hulipuka kwenda kaskazini na magharibi. Baada ya saa moja au zaidi kila kitu hutulia tena. Tukio hilo likaitwa dhoruba ndogo ya sumaku, na siku zenye msukosuko hutokea mara kadhaa kwa usiku mmoja.

Nishati yake inatoka mkiani. Upepo wa Jua unapokuja na sumaku inayoelekea kusini, hujiunga na mistari ya sumaku ya Dunia upande wa mchana na kuiburuta kwenda nyuma. Mkia hunenepa, tabaka la kati hukandamizwa na kuwa jembamba, na nishati hulimbikizwa kwa muda wa saa moja hivi. Mpaka hapo wote wanakubaliana.

Kambi ya kwanza husema kitu kinachokatika kiko mbali. Mwingereza James Dungey alieleza mwaka 1961 kwamba mistari ya sumaku iliyoelekeana kinyume ikikandamizwa sana huweza kukatika na kuungana upya kwa namna nyingine. Jambo hilo likitokea mkiani, plazima hurushwa pande mbili, nusu kuja duniani na nusu kutupwa nje. Kambi hii huweka mahali pa tukio kati ya kilomita 130,000 na 190,000. Plazima inayokuja duniani ndiyo inayowasha mwanga wa ncha.

Kambi ya pili husema huko mbali ni matokeo tu. Anthony Lui, wa Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ndiye mtetezi wake anayejulikana zaidi. Kwa maelezo yake, kitu cha kwanza kuharibika ni mkondo wa umeme ulio karibu nasi, kilomita 60,000 au 70,000 hivi. Mkondo huo ukikatika, uga wa sumaku huporomoka kuelekea duniani, na wimbi la athari husafiri kwenda nje, ambako mistari hukatika baadaye.

Hoja ya kambi hii ina uzito. Utepe unaong'aa kwanza ni ule wa kusini kuliko wote, na mistari ya sumaku inayopita kwenye utepe huo huishia karibu na Dunia, si mbali mkiani. Kama chanzo kiko mbali, kwa nini utepe wa kaskazini usiwake kwanza?

Kilichozuia jibu kwa miaka yote hiyo ni uhaba wa vyombo. Mambo yote haya hutokea ndani ya dakika mbili tatu. Satelaiti moja iliyo mkiani ikiona plazima ikipita kwa kasi, haiwezi kusema kama ilianza hapo, ilitoka mbali, au ni mwangwi wa jambo lililotokea karibu na Dunia dakika moja kabla. Japani na Marekani walirusha Geotail mwaka 1992, ikafanya kazi kubwa, lakini ilikuwa peke yake. Shirika la Anga la Ulaya lilipoteza vyombo vyake vinne vya kwanza vya Cluster pale roketi ya Ariane 5 ilipolipuka katika safari yake ya kwanza, Juni 4, 1996. Vilijengwa vingine na kurushwa mwaka 2000. Hivyo vilikuwa vinne, lakini vilisafiri pamoja, vikitazama sehemu moja ya anga kwa wakati mmoja.

Mashahidi watano

Februari 17, 2007, roketi moja ya Delta II iliondoka Cape Canaveral ikiwa na vyombo vitano vinavyofanana. Mradi uliitwa THEMIS, jina la mungu wa haki wa Wagiriki wa kale. Kiongozi wake, Vassilis Angelopoulos, ni Mgiriki anayefanya kazi California. Kila chombo kilikuwa na uzito wa kilo 77 bila mafuta.

Ujanja wa mradi ulikuwa kwenye obiti. Chombo cha mbali kiliizunguka Dunia kwa siku nne, kilichofuata kwa siku mbili, na vitatu vya ndani kwa siku moja hivi. Kwa hesabu hiyo, kila baada ya siku nne vyote vitano hujikuta vimejipanga kwa mstari upande wa usiku, kuanzia karibu mpaka mbali mkiani. Chini, Kanada na Alaska, zilitegwa kamera 20 zinazopiga picha ya anga lote kila sekunde 3. Vipimo vya sumaku vikagawiwa hata kwa shule za vijijini Marekani, wanafunzi wakasoma mitetemo ya sumaku kutoka kwenye viwanja vya shule zao.

Kifaa kinachohesabu chembe ni kidogo, na ufundi wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake mna nusu-tufe mbili za metali, moja ndani ya nyingine, zikiachana kwa nafasi nyembamba. Kati yake huwekwa volti. Elektroni ikiingia na nishati ndogo mno, huvutwa na kugonga ukuta wa ndani. Ikiwa na kasi kupita kiasi, hugonga ukuta wa nje. Ile yenye nishati inayolingana na volti ya wakati huo ndiyo hupinda kona yote na kutokea upande wa pili.

Hapo huangukia bamba lenye vitundu vidogo sana. Ndani ya kitundu, elektroni moja hung'oa nyingine, nazo hung'oa nyingine zaidi, mpaka linatokea pigo la umeme linaloweza kuhesabika. Volti hupandishwa na kushushwa ngazi kwa ngazi, hesabu huandikwa, na chombo kikijizungusha mara moja kila sekunde 3 kinakuwa kimetazama pande zote. Chembe zenye nishati kubwa zaidi huachiwa kifaa kingine. Kutokana na hesabu hizo hujulikana chembe ni ngapi, zina joto gani, na zinakimbilia wapi.

Dakika ya hamsini

Februari 26, 2008, saa 1:50 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kanada ulikuwa bado usiku, na vyombo vilikuwa vimejipanga.

Vyombo viwili vya mbali vilionyesha jambo ambalo watafiti walikuwa wakiliota. Kile cha nje kabisa kiliona plazima ikikimbia kwenda mbali na Dunia. Cha pili, kilicho karibu zaidi, kiliiona ikija duniani. Maana yake ni kwamba mistari ya sumaku ilikatika mahali fulani kati yao, karibu theluthi ya safari ya kwenda mwezini.

Takriban dakika moja na nusu baadaye, kamera za Kanada zilinasa utepe wa mwanga ukiwaka. Chombo cha ndani, umbali wa kilomita 70,000 hivi, kilisajili mabadiliko ya mkondo wa umeme baada ya hapo. Kwa mpangilio huo chanzo kilikuwa mbali. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka huohuo, na NASA ikatangaza kwamba kitendawili cha miaka 30 kimeteguliwa.

> Mistari ya sumaku ilikatika theluthi ya safari ya kwenda mwezini. Dakika moja na nusu baadaye, anga la Kanada likawaka.

Lui hakusalimu amri

Mwaka uliofuata, katika jarida lilelile, Lui aliandika pingamizi kwamba data za usiku ule hazithibitishi mfuatano unaodaiwa. Angelopoulos na wenzake wakamjibu.

Wenye haraka watauona ubishi huo kuwa wa wivu wa kitaaluma. Mimi sioni hivyo. Katika mpangilio wa usiku ule kuna jambo linalosumbua kweli: mwanga uliwaka kabla chombo cha ndani hakijaona mkondo ukibadilika. Plazima yenyewe, kwa kasi yake ya kawaida ya kilomita mia chache kwa sekunde, isingeweza kufika kwa dakika moja na nusu. Lazima habari iliwahi kwa njia nyingine, na mawimbi yanayosafiri kwenye mistari ya sumaku ndiyo yanayotajwa. Pia dhoruba moja iliyopimwa vizuri ni ushahidi wa dhoruba hiyo. Haitoshi kusema zote huanza vivyo hivyo.

Mwaka 2010 likaja wazo la tatu, kutoka kwa Yukitoshi Nishimura, Larry Lyons na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Walipitia picha za kamera zilezile, dhoruba moja baada ya nyingine. Mara nyingi, dakika chache kabla ya mlipuko, waliona ukanda hafifu wa mwanga ukitokea kaskazini kabisa na kushuka kusini mpaka ukaufikia utepe, na utepe ukawaka. Tafsiri yao ni kwamba mistari hukatika mbali sana, plazima mpya inasukumwa ndani, na ikifika karibu inavuruga mkondo uliokuwa tayari kuvurugika. Kila kambi ingeondoka na kipande cha ukweli.

Kwa maoni yangu, ushahidi wa sasa unaelemea upande wa chanzo cha mbali, lakini wazo la tatu ndilo linaloijibu vizuri hoja ya utepe wa kusini. Bado wapo wataalamu wasiokubali kwamba ukanda ule hafifu hutangulia kila dhoruba.

Kwenye kitovu chenyewe

Machi 2015 NASA ilirusha vyombo vinne vya MMS, kwa kazi tofauti. Hivi husafiri vikiwa vimekaribiana sana, pengine kilomita chini ya kumi, ili viingie ndani ya eneo lenyewe ambamo mistari ya sumaku hukatika. Badala ya kungoja chombo kizunguke, vihesabio vya chembe vimepangwa kuuzunguka mwili wake, hivyo picha kamili ya elektroni hupatikana kila milisekunde 30. THEMIS ilihitaji sekunde 3.

Julai 11, 2017, vikiwa kilomita 140,000 hivi mkiani, vyombo hivyo vilipita katikati ya eneo hilo. Vilikuta elektroni zikirushwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 15,000 kwa sekunde. Kwamba mistari hukatika na kuungana upya mkiani, na kwamba huko ndiko nishati ya sumaku hugeuzwa mwendo wa chembe, sasa ni jambo lililoonwa kwa karibu.

Lakini MMS haijibu swali la nani alitangulia. Vyombo vinne vilivyobanana huona vizuri sana mahali pamoja. Havioni kinachotokea wakati huohuo kilomita 70,000 kutoka hapo.

Bei ya kutojua

Usiku wa kuamkia Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliuangusha mtandao wa umeme wa Quebec, Kanada, ndani ya dakika moja na nusu hivi. Watu milioni 6 walikaa gizani kwa saa tisa. Mikondo iliyopita ardhini na kuingia kwenye nyaya ilitokana na umeme uliomiminwa ghafla juu ya anga la kaskazini, umeme unaolishwa na mkia.

Sisi wa ikweta hatuuoni mwanga wa ncha, na mitandao yetu ya umeme haiko chini ya njia ya mikondo hiyo. Ila satelaiti za matangazo na mawasiliano zote zinazoonekana kusimama angani husimama juu ya ikweta. Familia yenye dishi Mwanza au Mombasa inategemea chombo ambacho kila usiku hupita upande zinakotokea elektroni hizi.

Leo vyombo vilivyo kati yetu na Jua hutoa tahadhari ya nusu saa mpaka saa moja kuhusu upepo wa Jua unaokuja. Tahadhari hiyo inaeleza kwamba mkia utalimbikiza nishati. Haielezi dakika utakayolipuka. Kama chanzo kiko mbali, mlinzi anatakiwa awekwe mbali, naye atapata sekunde tisini za kuonya. Kama kiko karibu, mlinzi huyo atapata habari baada ya madhara. Kwa hiyo pesa za ulinzi haziwezi kupangwa vizuri kabla ya ubishi huu kwisha.

Na walinzi wanapungua. Vyombo viwili vya mbali vya THEMIS vilihamishwa, kwa sababu obiti zao zingeviingiza kwenye kivuli kirefu cha Dunia ambacho betri zisingekihimili. Tangu 2011 vinauzunguka Mwezi, vikifanya kazi nzuri lakini vikipita mkiani siku chache tu kwa mwezi. Geotail ilifungwa mwaka 2022 baada ya miaka 30, kinasa data chake kilipokufa. Salsa, cha kwanza kati ya vyombo vinne vya Cluster kurudishwa, kiliteketea angani juu ya Pasifiki ya Kusini Septemba 8, 2024.

Pendekezo zito la kuziba pengo hilo liko Ulaya. Linaitwa Plasma Observatory, na mwaka 2023 Shirika la Anga la Ulaya liliteua mapendekezo matatu ya kuchunguzwa zaidi, hili likiwamo, na mradi mmoja tu ndio utakaojengwa. Lingekuwa na vyombo saba, kimoja kikubwa na sita vidogo, vikiwa vimepangwa kwa namna inayowezesha baadhi kutazama kitovu kwa karibu huku vingine vikitazama eneo pana linalokizunguka. THEMIS ilipima kwa mapana bila kuona kitovu. MMS iliona kitovu bila kuona kandokando yake. Mpaka sasa hakuna dhoruba hata moja ya mkiani iliyopimwa kwa vipimo hivyo viwili na kundi moja la vyombo lililojengwa kwa kazi hiyo.